Kila Namba Ina Kwao: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Maktabani kwa Wanafunzi wa Uhandisi Mombasa

Pita mtaa wowote wa Mombasa ulio karibu na bahari, utazame chini ya baraza za ghorofa za zamani. Hutakosa kuona mahali zege limebanduka na nondo zimejitokeza, nyekundu kwa kutu. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi hiyo ni mada nzuri ya mradi wa mwaka wa mwisho: tatizo liko mlangoni, linagusa usalama wa watu, na linapimika.

Kinachoharibu miradi mingi ya aina hii ni mpangilio wa kazi. Vipimo hufanywa kwanza, ripoti ikaanza kuandikwa, na wiki ya mwisho ndipo mtu anakwenda maktaba kutafuta marejeleo ya kujazia sura ya pili, ile ya mapitio ya tafiti. Kufikia hapo maktaba haina la kumsaidia, maana kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwambia apime nini, kwa njia gani, na matokeo yake ayalinganishe na ya nani. Anayeingia maabara kabla ya kupitia maktaba hupima kwa kubahatisha.

Katika mwongozo huu nitaishika mada hiyo moja ya kutu tangu mwanzo hadi mwisho, ili kila hatua uione ikifanya kazi. Ukiwa wa umeme, mitambo au kemikali, badilisha maneno. Njia ni ile ile. Na jambo moja nitalishikilia kote: kila namba inayoingia katika ripoti yako ina kwao, na ni wajibu wako kuifuata mpaka ufike huko.

Hatua ya kwanza: geuza mada iwe swali

"Kutu katika majengo ya Pwani" ni mada, bado si swali. Ukiitafuta hivyo ilivyo utaletewa maelfu ya makala na hutajua ipi uisome, ipi uiache. Chukua karatasi uandike mambo manne: kitu chenyewe ni kipi, kiko katika mazingira gani, sifa gani yake inabadilika, na sifa hiyo hupimwa kwa kipimo gani. Kwa mada yetu, kitu ni nondo iliyo ndani ya zege. Mazingira ni hewa ya bahari yenye chumvi. Sifa ni kiasi cha kloridi kilichopenya hadi kwenye nondo. Kipimo ni asilimia ya uzito wa saruji.

Ili uweze kujaza mambo hayo manne lazima kwanza uelewe tatizo linavyotokea, na hapo kitabu cha kiada hakina mshindani. Sura moja tu ya kitabu kizuri cha teknolojia ya zege itakueleza kwamba zege zima lina ualikali mkubwa, pH yake ikiwa 12.5 au zaidi. Kwamba ualikali huo huivisha nondo utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Na kwamba ayoni za kloridi zikiifikia nondo kwa wingi wa kutosha huuvunja utando huo, kutu ikaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo sababu zege hupasuka kutoka ndani. Soma sura hiyo kabla ya kugusa intaneti. Saa mbili za kitabu zitakuepusha na wiki nzima ya kufungua makala usizozielewa.

Sasa swali linajitokeza lenyewe: je, zege la saruji yenye pozolana (unga kama majivu ya volkano unaochanganywa na saruji) hupunguza kwa kiasi gani upenyaji wa kloridi, likilinganishwa na zege la saruji ya kawaida, pale linapokaa kwenye hewa ya bahari? Hilo linajibika. Mwenzako wa umeme naye asiandike "umeme wa jua Mombasa". Aulize paneli ya silikoni iliyofungwa juu ya paa la mabati hupoteza nguvu kiasi gani kwa joto la miezi ya kaskazi, akijua kwamba paneli za aina hiyo hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25.

Mpelekee msimamizi wako swali hilo likiwa limeandikwa kwa sentensi moja. Akilirekebisha sasa, umepoteza dakika kumi. Akilirekebisha baada ya kumwaga vipande vya zege na kuvisubiri siku 28, umepoteza muhula.

Hatua ya pili: kusanya maneno ya kutafutia

Tafiti nyingi za uhandisi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno utakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia yatakuwa ya Kiingereza hata kama unafikiri na kujadiliana kwa Kiswahili. Shida ni kwamba waandishi hawaliiti jambo kwa jina moja. Kupenya kwa kloridi huitwa "chloride ingress", "chloride penetration" au "chloride diffusion". Nondo ni "reinforcement", "rebar" au "reinforcing steel". Ukitafuta kwa jina moja tu, umejifungia nje ya sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Kuna pia tahajia: Mwingereza huandika "sulphate", "fibre" na "aluminium", Mmarekani huandika "sulfate", "fiber" na "aluminum". Jaribu zote mbili.

Maneno haya usiyatunge kichwani. Yachukue kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu cha kiada, kwenye maneno-msingi yaliyo chini ya ikisiri ya makala nzuri uliyokwisha kuipata, na kwenye sehemu ya istilahi iliyo mwanzoni mwa hati ya viwango. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo yenye utajiri. Kiwango cha Ulaya cha zege, EN 206, kimeyagawa mazingira ya bahari katika madaraja matatu: XS1 ni zege linalopata hewa yenye chumvi lakini haliguswi na maji ya bahari, XS2 ni lililozama daima, na XS3 ni lililo kwenye eneo la maji kujaa na kupwa na kurushiwa mawimbi. Nyumba ya Nyali iliyo mbali kidogo na ufuo ni XS1. Nguzo ya gati Kilindini ina XS2 chini na XS3 juu. Mwanafunzi anayejua alama hizo tatu hupata makala ambazo mwenzake hatazigusa kamwe.

Kisha yaunganishe. AND huleta makala zenye maneno yote mawili, OR huleta zenye mojawapo, NOT huondoa usichokitaka. Andika viunganishi hivyo kwa herufi kubwa. Alama za kunukuu hushikilia maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo huo. Kinyota mwishoni mwa mzizi, kwa mfano corro*, katika hifadhidata nyingi huleta miisho yote ya neno. Kwa swali letu unaweza kuanza hivi:

"chloride ingress" AND concrete AND pozzolan* AND marine

Matokeo yakiwa machache mno, toa neno moja au ongeza kisawe kwa OR, ukiweka visawe ndani ya mabano. Yakiwa mengi mno, ongeza sharti. Andika kila jaribio katika daftari, pamoja na tarehe na mahali ulipotafutia. Msimamizi akikuuliza umetafuta wapi, uwe na cha kumwonyesha.

Hatua ya tatu: ingia ndani ya jengo

Kuna wanaodhani maktaba sasa iko simuni yote. Rafu zina kitu ambacho simu haina: ukifika mahali pa kitabu kimoja, majirani zake wote wanahusu jambo lile lile, na mara nyingi jirani ndiye uliyekuwa unamhitaji.

Tazama mgongo wa kitabu. Ukiona tarakimu zinatangulia, maktaba hiyo inatumia mfumo wa Dewey. Humo uhandisi uko 620: nguvu na tabia za mata (vitu vya kujengea na kutengenezea) ni 620.1, mitambo ni 621, umeme na elektroniki ni 621.3, ujenzi ni 624, reli na barabara 625, kazi za maji na bandari 627, usafi wa maji na maji taka 628, magari 629.2, uhandisi wa kemikali 660, na ujenzi wa nyumba 690. Kwa mada ya kutu utahitaji kutembea rafu zaidi ya moja, kwa kuwa kutu yenyewe imo 620.1 na majengo yamo 624 na 690. Ukiona herufi zinatangulia, huo ni mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani: TA ni uhandisi kwa jumla na ujenzi, TC kazi za maji, TD mazingira, TG madaraja, TH majengo, TJ mitambo, TK umeme, TP kemikali.

Tafuta kwanza katika katalogi ya kompyuta, lakini usiishie kwenye kichwa cha kitabu. Fungua rekodi nzima, uone mada ambazo mkutubi amekiwekea kitabu hicho, ubonyeze mada hiyo, na vitabu vingine vyote vya namna hiyo vitajitokeza.

Jihadhari na umri wa kitabu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2013, lakini mizizi yake inarudi hadi MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya miaka ya 1940, na maktaba yoyote ya chuo chenye historia ndefu huwa na vitabu vya rika mbalimbali vimesimama bega kwa bega. Fizikia ya mwaka 1975 bado ni fizikia. Nadharia ya mhimili unaopinda haijabadilika. Kanuni za usanifu ndizo hubadilika. Vitabu vingi vya zege vilivyo rafuni vimefuata kiwango cha Uingereza BS 8110, ambacho kiliondolewa rasmi huko kwao mwaka 2010, nafasi yake ikachukuliwa na kile cha Ulaya, Eurocode 2. Ukichukua mchoro wa kitabu hicho bila kuangalia umefuata kanuni ipi, unasanifu kwa sheria iliyostaafu. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, tazama mwaka na toleo, kisha uamue kitabu hicho kinakufaa kwa lipi.

Na zungumza na mkutubi. Hapa nina msimamo mkali: mwanafunzi wa uhandisi anayepitisha miaka mitano bila kuketi na mkutubi hata mara moja amejinyima msaada mkubwa kuliko wowote alioulipia karo. Ila usimwendee na neno moja. Mwambie hivi: "Madam, nafanya mradi kuhusu kloridi katika zege la Pwani. Nimeshatafuta kwenye katalogi kwa maneno haya, nimepata vitabu hivi viwili, na sasa nahitaji makala zinazolinganisha aina za saruji. Nianzie hifadhidata gani?" Swali la namna hiyo hujibiwa vizuri, hata siku za mitihani ambapo viti vimejaa.

Hatua ya nne: viwango

Wanafunzi wa fani nyingine wanaweza kumaliza chuo bila kuzigusa hati hizi. Mhandisi hawezi. Nchini Kenya msimamizi wa viwango ni Shirika la Viwango, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974, na lina ofisi ya kanda ya Pwani hapa Mombasa. Anza kwa kuuliza maktaba ya chuo ni viwango gani ilivyonavyo, kisha uulize KEBS namna ya kuvisoma vile vilivyobaki. Vingi huuzwa, wala si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo hakikisha umejua namba kamili kabla ya kulipia chochote.

Namba ya kiwango ina habari nyingi. Ukiona KS EAS 18-1, ujue ni kiwango cha Kenya kilichopitishwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, namba 18, sehemu ya kwanza, nacho kinahusu saruji. Baada ya nukta mbili hufuata mwaka wa toleo, na mwaka huo ndio unaopaswa kuuandika katika ripoti. Soma kwanza sehemu inayosema kiwango kinahusu nini na hakihusu nini. Kisha soma kwa makini tofauti kati ya yale yaliyoamriwa na yale yaliyopendekezwa tu, kwa sababu kuchanganya hayo mawili kunabadilisha usanifu.

Viwango pia ndivyo hukuambia upime vipi. Kwa upenyaji wa kloridi maabara nyingi hutumia kiwango cha Marekani, ASTM C1202: kipande cha zege chenye unene wa milimita 50 hupitishiwa volti 60 kwa saa 6, na chaji iliyopita huhesabiwa kwa kulombu. Zaidi ya kulombu 4,000 huhesabiwa kuwa upenyaji mkubwa. Kati ya 100 na 1,000 ni mdogo sana. Ukijua hili mapema utauliza kama maabara ya chuo ina kifaa hicho, na kama haina, utabadilisha njia kabla hujaandika pendekezo.

Hatua ya tano: majarida na hifadhidata

Vyuo vikuu vya Kenya hununua haki ya kusoma majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC. Maana yake ni kwamba makala inayodai dola 35 ukiwa nyumbani Kongowea huenda inafunguka bure ukiwa kwenye mtandao wa chuo. Usilipe. Nenda maktaba uombe akaunti ya kuingia ukiwa nje ya kampasi, uijaribu hapo hapo mkutubi akiwa karibu, ili usije ukahangaika nayo usiku ukiwa na bando la kuhesabu.

Kwa umeme, elektroniki na kompyuta anza na IEEE Xplore, hifadhidata ya chama cha wahandisi wa umeme. Kwa ujenzi kuna maktaba ya ASCE, chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani, na ScienceDirect ina majarida mengi ya zege, mata na mitambo. Mpango wa ARDI unaosimamiwa na WIPO, shirika la miliki ubunifu la Umoja wa Mataifa, hufungua majarida ya sayansi na teknolojia kwa taasisi za nchi zinazoendelea. Kwa kazi za bara letu tafuta AJOL (African Journals Online), na majarida yaliyo wazi kwa kila mtu yameorodheshwa DOAJ (Directory of Open Access Journals). Google Scholar hupitia vyote hivyo kwa juu juu. Ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia, kwa kuwa haichuji ubora.

Ukipata makala moja iliyo nzuri kweli, acha kutafuta kwa maneno kwa muda. Ifuate pande mbili. Rudi nyuma kupitia orodha yake ya marejeleo, uone imesimama juu ya kazi za nani. Ukifanya hivyo kwa makala kadhaa za kutu ya nondo, jina moja litajirudia: Tuutti, mtafiti aliyechapisha Uswidi mwaka 1982 kielelezo kinachogawa maisha ya jengo katika vipindi viwili, kile cha kloridi kusafiri hadi kwenye nondo na kile cha kutu kuendelea kula. Sasa umefika kwenye shina. Kisha nenda mbele: bonyeza pale panapoonyesha makala hiyo imenukuliwa na nani, uone watu wa miaka ya karibuni wameongeza nini au wamepinga nini. Saa moja ya kazi hii huzidi siku nzima ya kubahatisha maneno.

Kabla ya kuiamini makala, tazama jarida lake. Jarida linaloahidi kuchapisha kwa siku tatu, linalochanganya uhandisi, tiba na uchumi katika toleo moja, lisilotaja wahariri wake ni nani na wa taasisi gani, liache. Ukiwa na shaka, mwonyeshe msimamizi.

Programu za akili mnemba nazo zimeingia. Zinaweza kukusaidia kupata visawe vya kutafutia au kukufafanulia aya ngumu. Usizitumie kukuletea marejeleo bila kuyahakiki, kwa sababu hutunga makala zisizokuwapo, zikiwa na majina ya waandishi na mwaka. Kila rejeleo lihakiki kwa DOI, ile namba inayoanza na 10, uiingize doi.org uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine, au isikupeleke popote, rejeleo hilo lifute.

Hatua ya sita: takwimu za hapa kwetu

Makala za Norwe na Japani zitakueleza kloridi inavyosafiri, lakini bahari yao ni baridi na joto huharakisha safari hiyo. Unahitaji takwimu za Mombasa. Idara ya Hali ya Hewa ina rekodi za mvua, joto na upepo, zitakazokuonyesha tofauti ya masika na vuli, kaskazi na kusi. Mamlaka ya Bandari hutoa meza za kujaa na kupwa kwa maji Kilindini. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na hilo ndilo linaloamua eneo la XS3 kwenye nguzo linaanzia wapi na kuishia wapi. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko English Point, na ndiko kwa kuulizia kemia ya maji. Ripoti za athari kwa mazingira zinazowasilishwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa miradi mikubwa ya ujenzi huwa na vipimo vya udongo na maji ambavyo mwanafunzi hawezi kuvipata kwa gharama zake.

Tasnifu za waliokutangulia zimo katika hazina za kidijitali za vyuo, Nairobi, JKUAT na vinginevyo, na hazihitaji malipo. Zisome hasa kwa ajili ya njia walizotumia na matatizo waliyokiri kuyapata.

Anayetafiti chokaa na mawe ya matumbawe kwa ajili ya nyumba za Mji wa Kale asiende mbali. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama kwa mata hayo hayo mbele ya bahari hiyo hiyo, na makumbusho yake yana maktaba. Kwa ofisi zote hizi beba barua ya utambulisho kutoka idara yako, yenye jina la mradi na orodha fupi ya takwimu unazoomba. Maombi ya jumla jumla hukaa mezani.

Wa mitambo na umeme wana hazina nyingine, nayo ni hataza (patent), haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Hati ya hataza hulazimika kueleza kifaa kinavyofanya kazi, pamoja na michoro. Tafuta bure Espacenet au PATENTSCOPE ya WIPO. Kwa Kenya mwenye dhamana ni KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda. Ulinzi wa hataza kwa kawaida ni miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na hauvuki mpaka wa nchi ilikosajiliwa.

Hatua ya saba: fuata namba mpaka kwao

Hapa ndipo kazi ya mhandisi inapopimwa. Katika tasnifu nyingi za kutu utakuta sentensi kwamba kutu huanza kloridi ikifika asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Imenukuliwa kutoka makala fulani. Fungua makala hiyo, nayo imenukuu nyingine. Endelea.

Ukifika mwisho wa safari utakuta mambo mawili tofauti yamefungwa kifurushi kimoja. Katika EN 206 asilimia 0.40 ni daraja la kikomo cha kloridi inayoruhusiwa kuwamo katika mchanganyiko siku ya kuchanganya: mchanga, maji, saruji na viongezi. Ni sharti kwa anayechanganya. Kiwango ambacho kutu huanzia ni habari nyingine kabisa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Cement and Concrete Research yalikusanya matokeo ya watafiti wengi, yakakuta thamani zinazoanzia chini ya asilimia 0.1 hadi zaidi ya asilimia 8.

Kwa nini zimetofautiana hivyo? Wengine walipima kloridi yote, wengine ile iliyo huru majini ndani ya zege. Wengine walitumia vipande vidogo maabarani, wengine majengo yaliyokwisha kukaa miaka. Aina ya saruji, unyevu, na hata uwazi mdogo ulio baina ya nondo na zege, vyote huisogeza namba. Kwa hiyo ukiandika 0.4 katika ripoti yako, sema ni kikomo cha kuchanganyia au ni kizingiti cha kutu, imetoka wapi, na ilipimwaje. Mtahini makini atakuuliza hilo hilo.

Vipimo navyo huteleza njiani. Asilimia ya uzito wa saruji na asilimia ya uzito wa zege si kitu kimoja. Chukua mita moja ya ujazo ya zege yenye uzito wa kilo 2,400 na saruji kilo 350. Asilimia 0.4 ya saruji ni kilo 1.4 za kloridi, ambazo ni takriban asilimia 0.06 tu ya zege. Asiyesoma maelezo yaliyo chini ya jedwali atakosea karibu mara saba, na jengo lililo hatarini litaonekana salama.

Kwa kila namba unayoichukua, andika thamani, kipimo chake, hali ya jaribio, chanzo cha kwanza, na ukurasa. Weka jedwali moja, mstari mmoja kwa kila makala: aina ya saruji, uwiano wa maji kwa saruji, siku za kumwagilia, njia ya kupima, matokeo. Makala ikiwa haitaji uwiano wa maji kwa saruji, andika hivyo. Pengo hilo ni habari. Baada ya makala kumi na tano jedwali litakuonyesha lenyewe wapi watafiti wanakubaliana na wapi hapajaguswa, na sura yako ya pili itaandikika kwa kulisoma jedwali kutoka juu hadi chini.

Katika kusoma, usianze mstari wa kwanza ukaenda mpaka wa mwisho. Soma ikisiri, kisha hitimisho, kisha michoro na majedwali. Ikiwa bado inakuhusu, ndipo usome njia, neno kwa neno.

Hatua ya nane: hifadhi na unukuu

Weka marejeleo yako ndani ya Zotero, ambayo ni ya bure, tangu siku ya kwanza, na nakala nyingine mahali tofauti na kompyuta yako. Iulize idara inataka mtindo gani. Ule wa IEEE hutumia namba ndani ya mabano ya mraba kwa mpangilio wa kutokea. APA na Harvard hutumia jina la mwandishi na mwaka. Ukichukua wazo kwa maneno yako mwenyewe bado unalinukuu. Mchoro uliochorwa upya pia hunukuliwa, na chini yake husemwa umetokana na nini.

Makala uliyoiona imetajwa ndani ya nyingine bila wewe kuifungua, usiiandike kana kwamba umeisoma. Taja uliyoisoma, useme imemnukuu nani. Na kiwango kiandikwe kwa namba kamili, sehemu na mwaka wa toleo ulilolishika mkononi, hata kama umesikia kuna jipya zaidi. Toleo jipya litajwe tu ukishalisoma na kuona kifungu ulichokitumia kimebaki vile vile au kimebadilika.